Viazi Vyako Nilivying'oa Mimi

Mjukuu wangu Wawira,

Salamu tuziache. Tumeamkiana asubuhi ukanijibu vizuri, na kabla jua halijatua utakuwa umerudi kutoka kwa shangazi yako ulikokwenda kuaga. Nina mchana huu tu wa kuandika, mkono wangu ni mzito, na kalamu ni ile yako uliyoitupa kwa sababu inavuja. Kwa hiyo usitafute maua hapa.

Mambo ya blanketi na sabuni, na ni nani utakayemuuliza njia ya chuo cha ualimu ukishuka Nkubu, hayo ni ya mama yako. Ameshakuambia mara tatu na kesho atakuambia tena ukiwa umekaa juu ya lori. Baba yako naye amekunja pasi yako ya kusafiria akaiweka ndani ya Biblia, na kila baada ya muda anaifungua kuona kama bado ipo. Waache. Mimi nina neno moja, na nitaliweka hapa juu, maana nikianza kuzunguka sitalifikia.

Viazi vikuu vyako, vile vya nyuma ya nyumba, nilivying'oa mimi. Si homugadi. Si Ireri. Ni mimi nyanya yako, kwa jembe langu, mchana kweupe, wewe ukiwa shuleni.

Sasa umejua. Keti usome yaliyobaki, na usirukeruke mistari kama kawaida yako.

Utauliza kwa nini nimeandika na mdomo ninao, tena mdomo ambao kijiji kizima kinaulalamikia. Nilijaribu kusema. Mara ya kwanza ukaanza kuimba. Mara ya pili mama yako akaingia na maji. Mara ya tatu hapakuwa na mtu wala wimbo, nikakuambia ukasugue sufuria. Ndipo nikaona heri karatasi, haiwezi kunikodolea macho. Na naandika Kiswahili kwa sababu ndicho mkono wangu unachokijua. Mke wa muuza nyama Mwislamu wa Embu mjini, niliyekuwa nikimpelekea ndizi nikiwa bado na meno yote, ndiye aliyenifundisha herufi kwa kipande cha mkaa juu ya karatasi ya sukari. Kiembu changu kimebaki mdomoni, na mdomo umenishinda.

Nianze na kijiti, kwa maana matata yalianza na kijiti.

Tulikuwa na mwaka mmoja tu tangu Hali ya Hatari ituhamishe. Nyumba zetu za ng'ambo ya mto zilikuwa zimechomwa, tumepangwa kwa safu kama mahindi, handaki limetuzunguka lenye miti iliyochongwa chini yake, na lango ni moja, la mbao za kuvukia, likilindwa na homugadi, vijana wetu wenyewe waliopewa bunduki na serikali. Mwanangu Nyaga, baba yako, alikuwa kizuizini, hatujui ni wapi. Na wewe, badala ya kutulia kama watoto wengine, unachomeka kijiti katikati ya ua, unachora duara kukizunguka kwa kamba, na kivuli kikigusa duara unaweka kokoto.

"Maji hayajatekwa na wewe unahesabu vivuli!" nikakupigia kelele.

"Cucu, nikiunganisha kokoto ya asubuhi na ya jioni, napata mashariki na magharibi."

Nikakuambia mashariki ni kule jua linakotoka, hata mbuzi anajua. Ukasema jua halitoki mahali pamoja mwaka mzima. Nikacheka mpaka nikakohoa. Mtoto wa miaka kumi na miwili ananifundisha jua!

Basi mwezi wa kumi na mbili ukaniita adhuhuri, ukanionyesha kivuli kimeegemea upande wa mlima. Nikaangalia nikaenda zangu. Mwezi wa sita ukaniita tena, na kile kivuli kimegeuka, kimelala upande wa pili, kuelekea Mbeere. Nikaenda zangu tena. Lakini ujue kwamba siku ile nilikwenda shambani, nikasimamisha jembe langu kwenye udongo, nikakitazama kivuli chake mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Miaka yote hiyo nimelima chini ya jua hilo, nimelilaani, nimeliomba, na sikuwahi kuona kwamba linahama. Uliona wewe, kwa kijiti cha kuni. Nilijivuna hata palizi ikanishinda. Kwako nikasema tu, "Kijiti hicho kitatuletea homugadi."

Na kweli kikatuletea. Akaja Ireri, mtoto wa Mama Ireri jirani yetu wa ng'ambo, niliyempakata akiwa na siku nane. Sasa ana bunduki na koti refu. Alikizunguka kijiti mara mbili.

"Hii ni alama ya nani?"

"Ni saa," ukasema. Ulikuwa umepanga kokoto kufuata kengele ya shule.

"Saa? Haya, niambie ni saa ngapi."

Ukainama ukatazama. "Saa tano na nusu."

Akatazama mkono wake. "Yangu inasema saa tano."

"Basi yako imechelewa."

Watu walikuwa wamepigwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Ireri akaitikisa saa yake, akaiweka sikioni, akaguna. "Ala! Imesimama." Wenzake wakamcheka mpaka mwisho wa safu. Kijiti akakiacha.

Mwaka uliofuata mwalimu wenu akasema kila mwanafunzi aoteshe kitu na aandike kinavyokua. Wenzako wakaleta maharagwe kwenye mikebe, nami nikafurahi, maharagwe hayana ugomvi na mtu. Wewe ukasema maharagwe kila mtu anayajua, unataka viazi vikuu vya babu yako. Nikakuuliza utavipata wapi. Ng'ambo kumekuwa msitu, njia zimemezwa, hata mimi niliyeolewa pale sijui tena mlango ulikuwa wapi.

Jumamosi ile tulitolewa langoni kwenda kuchimba chakula katika mashamba ya zamani, homugadi mbele na nyuma. Ulikuwa na kamba ya katani mkononi. Kila hatua mia unafunga fundo. Wanawake wakaanza kunong'ona, "Mtoto wa Nyaga anafunga nini?" Unajua siku hizo. Fundo, jani la mgomba, kipande cha nyama, kila kitu kilinuka kiapo cha wapiganaji wa msituni. Nikakupiga kofi la mgongo. Ukaendelea kufunga.

Fundo la kumi na mbili ukasimama kwenye kichaka ukasema, "Hapa." Hapa nini? Ukautazama mti wa muringa ulioungua upande mmoja, ukageukia jua linakozama, ukahesabu hatua thelathini, ukapiga magoti, ukafukua. Na matuta ya babu yako yalikuwa pale, chini ya magugu, na viazi ndani yake vinene kama mguu wa mtu. Nilikuuliza umejuaje. Ukasema, "Ulinisimulia mwenyewe, Cucu." Na ni kweli, niliwahi kukusimulia siku moja ya njaa kwamba babu yako alipanda kando ya muringa, upande wa machweo, hatua thelathini ili mizizi isigombane. Mimi nilisimulia ili tusahau tumbo. Wewe uliweka akilini kama mtu anayeweka mbegu.

Hapo ndipo hofu iliponiingia, na sikukuambia. Wewe umri wa kufundwa umekukuta ndani ya handaki, mengi ya kwetu hukufundishwa. Kiazi kikuu ni cha mwanamume. Mwanamke ana maharagwe yake, mtama wake, viazi vitamu vyake. Kiazi kikuu hupandwa na mwanamume, hutafutiwa mti wa kutambaa na mwanamume, na mkono wake ndio hukichimba. Nilipoletwa kwa babu yako, mama mkwe aliniketisha akaniambia: mwanamke akifungua tuta la kiazi kikuu na mwenye tuta yu hai, amemchimbia kaburi. Nilikuwa msichana, nikameza. Babu yako alipokufa matuta yakawa ya baba yako. Na sasa baba yako yuko kizuizini, hatujapata hata mstari mmoja kutoka kwake, na binti yake amejaza vichwa vya viazi vyake ndani ya sketi, anatabasamu.

Ningekuambia pale pale, ungeniuliza maswali yako kumi, ningekasirika, lakini ungekuwa umejua. Nilifunga mdomo kwa sababu moja tu. Nilijua utauliza, "Cucu, wewe umewahi kuona?" Na sikuwahi kuona.

Ukapanda matuta matano nyuma ya nyumba, mahali pasipotosha ngozi ya mbuzi. La kwanza ukaweka kichwa cha kiazi, la pili kipande cha katikati, la tatu mkia. La nne kichwa pamoja na samadi. La tano kichwa vilevile, lakini kwenye kivuli cha ukuta. Kila Ijumaa ulipima kwa uzi ukaandika. Vichwa vilitangulia, katikati kikafuata kwa uvivu, mkia ukakaa kimya mpaka nikakuambia umeoza, uufukue tuupe kuku. Ukakataa. "Tusubiri," ukasema, kama mzee wa baraza. Wiki ya saba mkia ukatoa kichipukizi chekundu. Nilitaka kupiga vigelegele. Nikakuambia uondoe kuku.

Na lile la shina kujisokota! Uliona linazunguka mti upande mmoja tu. Ukalifungua taratibu, ukalizungushia upande wa pili, ukalifunga kwa uzi. Baada ya siku tatu limerudi njia yake. Ukaligeuza tena, likarudi tena. Ukaandika. Kisha ukanitazama ukasema, "Cucu, linafanana na wewe." Nilikufukuza na kijiko cha mbao, lakini niliingia ndani nikacheka peke yangu. Babu yako alipanda viazi hivyo maisha yake yote. Kama aliliona hilo, hakuniambia. Nadhani hakuliona.

Mashina yalikuwa yamenipita kimo siku habari ilipoingia kijijini kwamba mume wa jirani wa safu ya tatu amefia kizuizini. Asubuhi hiyo homugadi walikuwa wamepekua safu yetu, wakidunga paa kwa vyuma na kumwaga unga, Ireri akiwa mmoja wao. Nyuma ya nyumba hawakufika. Walipoondoka nikaenda kulia pamoja na jirani. Niliporudi nikayaona majani yako yakimetameta juu ya ukuta, mabichi, yamenona, na nikasikia sauti ya mama mkwe wangu kana kwamba amekaa jikoni. Nikachukua jembe, nikijiambia kubomoa tuta si kulichimba.

Niling'oa yote matano. Mashina nikayakatakata nikayatupa handakini. Chini kulikuwa na viazi vichanga, vidogo kama ngumi ya mtoto. Nikasimama navyo mkononi. Njaa ilikuwa kubwa, Wawira, nami sijawahi kutupa chakula. Nikavimenya, nikavipika na kuviponda pamoja na nduma.

Ulirudi ukaona mashimo. Hukulia. Ulikaa chini katikati yake na daftari magotini. Nikakuletea sahani, ukala polepole, ukasema huna hamu lakini nduma ya leo ni tamu. Hivyo ndivyo ulivyokula jaribio lako lote, na mimi nimesimama juu yako nikikuhimiza umalize.

"Nani?" ukaniuliza.

"Si unaona walikuja?"

Maneno hayo tu. Sikutaja jina. Nilijiambia basi sijadanganya. Jina ulilitaja wewe. "Ni Ireri. Ni kwa sababu ya ile saa." Nami nikachukua ufagio, nikafagia palipokwisha kufagiwa.

Ukitaka kujua aibu yangu iko wapi, haiko kwenye jembe. Jembe lilikuwa kazi ya muda mfupi, chungu hakijachemka nimemaliza. Niliogopa kwa ajili ya mwanangu, na mama yeyote akiogopa hufanya upuzi. Aibu ni ule ufagio. Nimeushika miaka miwili.

Nilipaswa kuuweka chini siku ya ukungu. Unaikumbuka. Tulikuwa wanawake watano na wewe, tumechelewa kwenye viazi vitamu vya ng'ambo, homugadi wametangulia na kundi kubwa, mara mlima ukatushushia ukungu mpaka sikuona kidole changu. Firimbi ya kafyu ikilia na uko nje ya handaki, risasi haiulizi wewe ni mama wa nani. Tukaanza kukimbia. Nikasikia maji upande wa kushoto nikasema, "Mto wetu huo, tuteremke!" Wote wakanifuata. Wewe ukaketi chini njiani.

"Simama, wewe msichana!"

"Si mto wetu, Cucu."

"Nimeuvuka mto huu kabla baba yako hajazaliwa!"

"Mto wetu tunaufikia fundo la saba." Ukainua kamba usoni pangu. "Nimefungua manne. Na miguu yangu inaniambia mteremko uko mkono usio wake. Tukishuka hapa tunaingia msituni."

Msituni, ambako mtu yeyote aliyeonekana alipigwa risasi. Wanawake wakanitazama mimi, wakakutazama wewe. Nilikutukana, nafikiri. Nilisema mtoto hawezi kuongoza watu wazima kwa kamba ya kufungia kuni. Mama mmoja akasema, "Mimi nafuata kamba." Wakakufuata wote, nikabaki peke yangu kwenye ukungu na maarifa yangu, nikahesabu mpaka tatu, nikakimbia nyuma yenu. Ulitupandisha juu, ukagusa magome ya miti kutafuta upande wenye kuvu ya kijani, ukahesabu kwa sauti. Fundo la tano. La sita. La saba, na maji yakanilowesha vifundo vya miguu, na jiwe tunalokanyagia kuvukia lilikuwa pale pale. Sijawahi kukuambia nililisikiaje lile jiwe chini ya wayo wangu. Sasa nakuambia. Nililia njia nzima kwa sababu ya kiburi. Kwamba huyu ni wangu.

Na langoni alikuwa nani? Ireri. Firimbi ilikuwa mdomoni, mashavu yamejaa, macho kwenye ukungu. Alituona. Hakupuliza. Alingoja mpaka mguu wangu, wa mwisho, ukatoka kwenye mbao, ndipo akapuliza. Na wewe ulipompita ulitema mate karibu na buti zake.

"Haya," akasema. "Ndiyo asante hiyo?"

Nilikuwa hatua mbili nyuma yako. Neno moja lilitosha. Nikavuta leso yangu nikapita.

Sikuambii Ireri ni malaika. Alikula kiapo cha wazungu, amepiga watu, na yale aliyofanya kwenye safu ya kwanza atajibu mwenyewe siku atakayoulizwa. Lakini la viazi si lake. Nilimwongezea mzigo juu ya mizigo yake, ule ambao hakuufunga.

Kisha baba yako akaachiliwa. Unakumbuka alivyoingia, shingo kama ya jogoo aliyenyonyolewa, anauliza kama kuna chai. Unajua nilifikiri nini, hata kabla ya kumkumbatia? Nilifikiri: unaona? Nilivying'oa, na amerudi. Nilijipongeza! Miezi mingi nilitembea nikijua kwamba ni mimi niliyemtoa kizuizini kwa jembe. Ndiyo maana sikukuambia. Kwa nini niungame jambo lililofaulu?

Hapo ukaja kunivunja, wala hukujua.

Mwezi uliopita, tuliporuhusiwa kwenda ng'ambo kuangalia mahali pa kujenga upya, ulituongoza mpaka kwenye muringa, ukaongeza hatua zako thelathini, ukaonyesha. Matuta matano, yamepaliliwa, mashina yamekauka vizuri tayari kuchimbwa. Baba yako akashangaa.

"Nani amepanda hivi?"

"Ni mimi, baba."

"Lini?"

Ukafungua daftari ukamsomea. Ulikuwa umepanda wiki moja tu baada ya mashimo ya nyuma ya nyumba. Kila Jumamosi tulipokwenda kuchimba chakula, mimi nikidhani umejificha kukwepa kazi, ulikuwa hapo. Baba yako akacheka mpaka akashika mbavu, akakupa jembe. "Basi chimba, ni vyako. Mimi nitabeba."

Ulichimba ukiwa umepiga magoti, yeye akipokea kimoja kimoja kama anayepokea watoto. Mimi nilikuwa nahesabu miezi. Wakati wote ule alipokuwa kizuizini, kiazi kikuu cha mkono wa binti yake kilikuwa ardhini. Na yeye ndiye huyu mbele yangu, mzima, anacheka, udongo mpaka kwenye nyusi. Nilimuuliza pembeni kama hakuudhika mwanamke kugusa matuta yake. Akasema, "Mama, kule nilikokuwa niliota chakula kila siku. Hata tumbili angenipandia ningeshukuru."

Mkadhani jua limenipiga, mkaniketisha kivulini. Haikuwa jua. Ni jaribio lako lililokuwa limejibu swali ambalo mimi niliogopa kulisikia, na lilikuwa limejibu bila kunitukana.

Utakuwa mwalimu, wamesema. Sina la kukufundisha kuhusu kazi hiyo. Najua tu kwamba siku zote ulipokuwa unachora na kufunga na kupima, watu wazima tulikuuliza, "Hiyo itatusaidia nini?" na hakuna aliyekuuliza, "Umeona nini?" Mimi ningeuliza hivyo mara moja tu, ningeokoa mengi. Mtoto wa mtu akikuletea takataka zake darasani, utajua mwenyewe.

Sasa lililobaki. Juzi nilikwenda kwa Mama Ireri. Wewe humwamkii tangu siku zile, na yeye hupita njia ya mbali ili asikutane na uso wako. Nilimkuta akipura maharagwe. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kupura.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Ireri aliniambia siku ile ile hawakufika nyuma. Na mimi nina pua, Mama Nyaga. Nyumba yako ilinuka kiazi kikuu mpaka kwetu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Mwanangu anabeba bunduki. Nani angeamini kwamba kuna kitu hakufanya?" Akapepeta, makapi yakanijaa usoni, nafikiri kwa makusudi. "Nilidhani utangoja tukuzike ndipo useme."

"Una mdomo mbaya."

"Niliuazima kwako."

Tukakaa. Hakunipa chai. Lakini nilipoinuka aliniuliza unaondoka siku gani, na kama barabara ya Nkubu bado ina matope. Nikamwambia aulize mwenyewe. Akasema hawezi kumuuliza mtu asiyemwamkia. Uso wake ulikuwa mgeni kwangu hapo, nami namjua miaka arobaini.

Leo asubuhi nimefungua sanduku lako, nisamehe, nikatoa daftari la kwanza. Nasoma polepole lakini nasoma. Kurasa zote ni namba na michoro, safi, hata ile ya kijiti. Kisha kuna ukurasa ulioandika: "Mwisho. Vimeng'olewa na homugadi." Chini yake hakuna kitu. Daftari zima, Wawira, lina uongo mmoja tu, na uongo huo ni wangu umeandikwa kwa mkono wako. Unakwenda nalo kufundishia watoto. Kalamu nitaiacha juu yake. Sahihisha. Andika jina langu, na uliandike vizuri.

Nilitaka kuifunga barua hii ndani ya blanketi uisome ukiwa Nkubu. Jana kutwa nilipanga hivyo. Ungekasirika huko, ungelia huko, mimi niko hapa nakunywa uji, na likizo ingekuta hasira imepoa. Nimekataa. Nimefanya mambo nyuma ya mgongo wako vya kutosha. Nitaiweka juu ya sanduku, utaikuta ukirudi kutoka kwa shangazi yako, na mimi nitakuwa nyuma ya nyumba, pale pale palipokuwa na matuta, nachambua maharagwe. Sitajifanya mgonjwa.

Njoo na hasira yako yote. Usiipunguze ati kwa sababu mimi ni mzee, nina masikio bado. Ukimaliza kunisema, nyumba ya Mama Ireri ni ya nne kutoka hapa, na kutakuwa na jua la kutosha kwenda na kurudi. Ukitaka twende pamoja, nitatangulia kuongea, maana deni la maneno ni langu. Ukitaka kwenda peke yako, niambie nibaki na maharagwe yangu. Nitabaki. Safari hii sitabisha.

Cucu wako